Majina Matatu Kwenye Stempu Moja

(Hotuba niliyoitoa Dodoma katika Siku ya Posta Duniani, tarehe 9 Oktoba 2025. Naiweka yote hapa kwa ajili ya ndugu walioshindwa kufika.)

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wangu, walimu, na ninyi wanafunzi mliokaa chini kwa sababu viti havikutosha: mbukwenyi!

Asanteni. Mmeitikia kama watu wa nyumbani.

Nimekuja na bahasha nne. Nitazipitisha kwenu baadaye, lakini kwanza nataka mnisikilize. Nilianza kazi ya kuchambua barua mwaka 1972, kijana wa miaka ishirini. Kazi yenyewe ni hii: gunia linafunguliwa, barua zinamwagwa mezani, nawe unazitupa kila moja kwenye tundu lake. Dar es Salaam huku, Tabora kule, Kampala kule, Nairobi kule. Mkono ukizoea, jicho halisomi tena anwani peke yake, linasoma na stempu. Na mimi, niliyeishia darasa la kumi, nilijifunza siasa ya dunia pale mezani kuliko mahali pengine popote.

Mnauliza, kwa vipi? Kwa sababu stempu ni risiti. Inasema: ada imelipwa, serikali yangu imepokea, naomba serikali yako imfikishie mwenye barua. Sasa jiulizeni wenyewe. Kama serikali hizo mbili hazisalimiani, risiti hiyo ina thamani gani? Kama serikali iliyoitoa imepinduliwa jana usiku, nani ataiheshimu? Kama nchi imechukuliwa na jeshi la kigeni, uso wa nani utabandikwa kwenye barua ya kesho?

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Nchi zinapopatana na zinapogombana, habari inafika kwenye kona ya juu ya bahasha kabla haijafika kwenye vitabu vya historia. Na gharama yake inalipwa na mtu aliyekaa kijijini anasubiri barua.

Tuanze hapa hapa kwetu. Wajerumani walianza kutoa stempu za koloni hili mwaka 1893. Hawakuchora mpya. Walichukua stempu za kwao wakazipiga chapa ya bei ya huku, kwa pesa, zile pesa 64 zilizofanya rupia moja. Miaka michache baadaye wakaleta zenye picha ya Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaisari. Hebu mtazameni tarishi wa wakati ule akitoka Mpwapwa, mfuko begani, jua la Ugogo kichwani, amebeba barua zenye picha ya meli ambayo hakuiona, ikielea kwenye bahari ambayo huenda hakuiona pia. Na muhuri wa posta ya Mpwapwa uliandikwa MPAPUA. Hata jina la mji lilitamkwa kwa mdomo wa mgeni.

Kisha vita ikaja. Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia, wakakuta akiba ya stempu za Kijerumani. Je, walizichoma? Hapana. Walizigonga muhuri wa neno moja, MAFIA, wakaendelea kuzitumia. Meli ya Kaisari bado inaonekana pale chini, lakini juu yake limekaa neno la mshindi. Mwaka 1916 majeshi yaliyotoka Nyasaland, Malawi ya leo, yakaja na stempu za Nyasaland zilizogongwa herufi N.F. Wabelgiji wakavuka kutoka Kongo, wakashika Kigoma, wakaingia Tabora Septemba 1916, na stempu za Kongo zikagongwa maneno ya Kifaransa na Kiholanzi kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani, imekaliwa na Ubelgiji. Wareno nao, huko ng'ambo ya Ruvuma, wakachukua kipande kidogo cha Kionga, na kwa kipande hicho kidogo wakatoa stempu zake, zimeandikwa KIONGA. Mwaka 1917 Waingereza wakagonga G.E.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa kifupi cha Kiingereza, kwenye stempu za Afrika Mashariki na Uganda.

Na mji wetu huu? Dodoma iliangukia mikononi mwa majeshi yaliyotoka Afrika Kusini tarehe 29 Julai 1916. Reli hii mnayoisikia ikipiga honi ilikuwa na miaka sita tu tangu ifike hapa.

Mnaona jambo hili? Mikataba ya kuigawa nchi hii ilikuja kutiwa saini miaka kadhaa baadaye, Ulaya. Lakini karani wa posta, na muhuri wake wa mpira na wino wake, alikuwa amekwisha kuigawa. Herufi tatu juu ya stempu: G.E.A. Mtu wa Kondoa aliyezipata hakuulizwa kitu.

Baada ya vita, mwaka 1922, ikatoka stempu ninayoipenda kuliko zote za zama zile. Ina jina Tanganyika, na mahali pa uso wa mfalme pana kichwa cha twiga. Twiga! Koloni za Uingereza zilizoea kubeba uso wa mfalme, na sisi tukabeba twiga. Sijui kama aliyeichora alifikiria hivyo, lakini mimi huiona kama nchi iliyokuwa haijakabidhiwa mwenyewe. Haikudumu. Mwaka 1927 uso wa Mfalme George wa Tano ukakaa pale, na pembeni maneno ya Kiingereza kwamba hii ni nchi iliyo chini ya dhamana. Angalieni uzito wa neno hilo, wanafunzi wangu. Mfalme yuko kwenye stempu, lakini stempu yenyewe inakiri kwamba nchi si mali yake, amekabidhiwa na Umoja wa Mataifa wa wakati ule, ule wa kabla ya huu wa sasa. Wakili mzuri angeweza kusimama mahakamani na stempu ya senti kumi kama ushahidi.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hapa hasa.

Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kutumia stempu moja. Stempu moja, majina matatu. Uhuru ulipokuja, tukawa na stempu zetu pia, zile za TANGANYIKA UHURU 1961, lakini zile za majina matatu ziliendelea. Ukinunua stempu dirishani Dodoma, unaweza kuibandika Kampala. Ukiinunua Kisumu, inakubalika Singida. Na kuna kitu ambacho watu wengi hawakukiona, ila sisi wachambuzi tulikiona kila siku: majina yale hayakukaa kwa mpangilio mmoja. Stempu hii inaanza Kenya, ile inaanza Uganda, nyingine inaanza Tanzania. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ndugu watatu wakikaa kwenye mkeka mmoja, swali la nani atangulie kunawa mikono si swali dogo. Wakaamua kupokezana. Mimi naliheshimu sana jambo lile. Mtu fulani ofisini alikaa akahesabu: safari iliyopita alitangulia nani? Basi leo atangulie mwenzake.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mabehewa Nairobi, katika shirika la reli la Afrika Mashariki. Kila baada ya mwezi au miezi miwili aliandika kwa mama yake, bibi yangu, kule kijijini Mvumi. Bibi hakujua kusoma. Barua nilimsomea mimi. Lakini kabla sijaifungua alikuwa anaichukua bahasha, anaifuta vumbi kwa kitenge, anaisogeza karibu na jicho lake la kulia ambalo ndilo lilikuwa zima, halafu anaweka kidole juu ya stempu. Anahesabu. Limwe, yaani moja kwa Kigogo, maneno mawili, matatu. Akifika matatu anatabasamu, ananirudishia: "Haya, soma, inatoka kwake." Kwake yeye maneno matatu ndiyo ilikuwa alama ya mwanawe.

Mwaka 1967 nchi zetu zilikuwa zimetia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Kampala. Reli moja, bandari moja, ndege moja, posta moja. Mwaka 1971 Idi Amin akachukua madaraka Uganda, na Mwalimu akakataa kukaa naye meza moja. Mambo yakaanza kulegea. Mimi sikuwa mkutanoni, sikujua walichosemezana wakubwa. Lakini mwaka 1976 zikaingia stempu mpya mezani kwetu. Moja ilikuwa ya mawasiliano ya simu, baadaye ikaja ya reli. Picha ni ile ile kwa nchi zote tatu. Mchoro ule ule, rangi zile zile. Ila sasa kila nchi ilikuwa na yake: hii imeandikwa Kenya, ile Uganda, ile Tanzania.

Niliziweka mezani tatu kwa mpigo. Injini ya treni ile ile mara tatu, na kila moja ina jina moja tu. Nikamwita mwenzangu. Akaziangalia, akasema, "Hawa wameshagawana vyombo, bado kutangaza tu."

Barua ya mjomba ikafika na stempu mpya. Bibi akaifuta vumbi, akaweka kidole. Limwe. Akangoja. Akageuza bahasha nyuma, akairudisha. Akaniuliza: "Mbona leo neno ni moja? Hii barua ni yake kweli?"

Nilimjibu nini? Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafanya kazi posta, navaa sare. Nilimwambia, "Bibi, wamebadilisha tu stempu." Lakini yeye hakuridhika, na hakukosea.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Jumuiya ikafa mwaka ule ule. Mpaka ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Hesabuni: mtoto aliyezaliwa siku unafungwa alikuwa amekaribia umri wa kuanza shule siku unafunguliwa. Mjomba alirudi mwaka 1977 na sanduku la bati, godoro, na spana zake zimefungwa kwenye gunia. Ndani ya sanduku mlikuwa na barua mbili kwa mama yake ambazo alikuwa amezifunga, amebandika stempu, hakuzituma. Alisema aliona afadhali azilete mwenyewe. Barua moja nilimsomea bibi usiku ule. Ya pili mjomba alikataa isifunguliwe.

Nitapumua kidogo.

Kuhusu Zanzibar nitasema kwa kifupi, maana wengi mnaijua. Desemba 1963 walitoa stempu za uhuru chini ya Sultani. Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964, na ndani ya siku chache stempu za enzi ya Sultani zikagongwa maneno JAMHURI 1964. Tena za kwanza ziligongwa kwa mkono, moja moja, herufi nyingine zimepinda. Aprili tukaungana. Julai ikatoka stempu yenye ramani na jina refu la Tanganyika na Zanzibar, kwa sababu jina Tanzania lilikuwa bado halijapatikana, lilikuja Oktoba. Na Zanzibar iliendelea kutoa stempu zake hadi mwisho wa mwaka 1967. Mwenye kutaka kujua Muungano ulivyokua hatua kwa hatua, miaka ile minne imeandikwa kwenye albamu za stempu.

Lakini je, nchi inaweza kutoa stempu na dunia ikaikataa? Ndiyo. Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Wakatoa stempu za kusherehekea. Uingereza ikasema stempu hizo hazina uhalali, na barua zilizofika Uingereza zikiwa nazo zilihesabiwa kama hazikulipiwa. Anayepokea akatozwa ada. Desemba ile ile Mwalimu Nyerere akavunja uhusiano na Uingereza, kwa sababu aliona hatua za Uingereza dhidi ya Smith hazitoshi. Mnaelewa picha hii? Uingereza inatoza faini barua, Tanzania inasema faini ya barua si dawa ya ugonjwa huu.

Afrika Kusini walifanya la ajabu zaidi. Mwaka 1976 watawala wa makaburu walitangaza kwamba Transkei, kipande cha Afrika Kusini yenyewe walichowatengea watu weusi, ni nchi huru. Wakafuata Bophuthatswana, Venda, Ciskei. Kila moja ikapewa bendera, wimbo, na stempu, na stempu zenyewe nzuri kweli kweli, maua, ndege, kazi za mikono. Dunia haikuzitambua nchi hizo. Mimi nikiangalia stempu ya Transkei najiuliza: ua hili zuri linafunika nini? Linafunika watu waliovuliwa uraia wa nchi waliyozaliwa.

Na jambo hili si la mbali. Kongwa iko hapo tu mashariki yetu. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe na Angola walikuwa na kambi pale. Vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini. Wana mama zao. Kijana yule angebandika stempu ya Tanzania kwenye bahasha, muhuri wa Kongwa juu yake, aandike anwani ya mama yake Soweto? Angekuwa amempelekea mama polisi mlangoni. Stempu ya nchi rafiki kwetu ilikuwa hatari kwenye mlango wa mama yule. Wazee wa Kongwa mlioko hapa mnajua ni wangapi wamezikwa pale bila barua kwenda nyumbani.

Nina kisa kimoja cha mbali, na nimekileta kwa sababu wanafunzi hupenda kuuliza kama stempu iliwahi kubadilisha kitu chochote. Mwaka 1902 Marekani ilikuwa inataka kuchimba mfereji wa kuunganisha bahari mbili. Nicaragua au Panama? Wengi walielekea Nicaragua. Mfaransa mmoja, Philippe Bunau-Varilla, alikuwa na maslahi yake Panama. Mwezi Mei mwaka ule volkano ya Mont Pelée huko Martinique ililipuka ikaua watu takriban 30,000. Wapinzani wa Nicaragua wakasema kule nako kuna volkano. Basi Bunau-Varilla akakumbuka kwamba Nicaragua yenyewe ilitoa stempu mwaka 1900 yenye picha ya mlima Momotombo, moshi unatoka kileleni. Akazunguka kwa wauza stempu mjini Washington, akanunua za kutosha, akampelekea kila seneta moja. Juni 1902 Baraza la Seneti likapiga kura: 42 kwa 34, Panama. Stempu haikuwa sababu pekee, na anayesema hivyo anazidisha chumvi. Lakini Nicaragua ilijivunia mlima wake kwenye stempu, na mlima huo ukatolewa ushahidi dhidi yake.

Turudi leo. Kwa nini tunakutana tarehe 9 Oktoba? Kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1874 nchi 22 zilitia saini mkataba mjini Bern, Uswisi, ulioanzisha Umoja wa Posta Duniani. Zilikubaliana jambo kubwa sana: kwa habari ya barua, nchi zote wanachama ni eneo moja. Unalipa mara moja kwenu, inafika kokote. Kabla ya hapo barua ilikuwa inahesabiwa gharama ya kila nchi inayopita. Makubaliano hayo yamepita vita mbili kuu. Na Afrika tuna umoja wetu wa posta tangu mwaka 1980, makao yake makuu yako Arusha, jengo lake refu jipya lilizinduliwa mwaka 2023. Hili ni jambo la kujivunia, na nasikitika kwamba kati ya vijana kumi niliowauliza mlangoni, hakuna aliyelijua.

Lakini eneo moja la posta linaweza kukatika. Barua za moja kwa moja kati ya Marekani na Kuba zilisimama mwaka 1963, zikaanza tena mwaka 2016. Na mwaka huu, wala si zamani, tarehe 29 Agosti 2025, Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800. Mashirika ya posta zaidi ya 80 duniani yakasimamisha kwa muda huduma zote au baadhi kwenda huko, kwa sababu hayakujua ushuru utakusanywa na nani na kwa njia gani. Kuna mama mmoja jirani yangu hapa mjini anasuka vikapu vya ukindu. Mteja wake yuko Chicago. Vikapu sita vimekaa sebuleni kwake, vimefungwa karatasi, anwani imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kila jioni ananiuliza mimi, mstaafu, kana kwamba bado nina funguo za posta: "Baba, wameelewana?" Swali lake na swali la bibi yangu wa Mvumi, kwangu mimi ni swali moja.

Sasa bahasha. Naomba zipitishwe kuanzia mstari wa mbele. Shikeni pembeni, vidole vikavu. Ya kwanza ina majina matatu, na Uganda ndiyo imetangulia. Ya pili ina jina moja. Ya tatu ni ile niliyomsomea bibi usiku mjomba aliporudi. Imefunguliwa kwa kisu cha jikoni, mtaona ilivyochanika ubavuni. Na nyinyi mkirudi nyumbani, fungueni yale masanduku ya bati ya wazee. Mkikuta barua, msibandue stempu! Msiiloweke, msiipashe mvuke. Iacheni juu ya bahasha yake pamoja na muhuri, maana muhuri unasema siku na mahali, na anwani inasema nani alikuwa anasubiri.

Ya nne itabaki mkononi mwangu, nitainyanyua tu muione. Mjomba alifariki, bibi alitangulia zamani. Gundi bado imeshika. Stempu ni ya Kenya, safi kabisa, haijagongwa muhuri hadi leo.